Mtoto wa rehani: maisha ya William Marshal na jamaa yake

Sisi wanafunzi wa Kiingereza tunajifunza miaka 1066 na 1215 kama watoto wa shule ya msingi wanavyojifunza kuzidisha. Mwaka 1066 Wanormandi waliteka Uingereza. Mwaka 1215 mfalme John alikubali Hati Kuu, Magna Carta. Kati ya miaka hiyo miwili tunaambiwa kwamba wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, kisha tunaruka mpaka Chaucer. Mimi pia nilikuwa ninaruka hivyo, mpaka nilipotakiwa kuandika juu ya mtu mmoja wa wakati ule. Nilimchagua William Marshal kwa sababu moja tu: katika utangulizi wa Hati Kuu, baada ya maaskofu na watu wa kanisa, jina lake ndilo la kwanza kati ya mabwana wakubwa walioshauri mfalme. Nilidhani nitasoma habari za mtu wa sheria. Mlango wa kwanza niliofungua ulinionyesha mtoto wa miaka mitano au sita akipelekwa kunyongwa.

Kabla ya kumweleza mtoto huyo, niseme habari zake zinatoka wapi. Nyingi ziko katika shairi refu lenye mistari 19,214. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyeliagiza baada ya kifo cha baba, nalo likamalizika karibu na mwaka 1226. Limeandikwa kwa Kifaransa cha kale. Mtunzi wake tunamjua kwa jina la Jean tu. Kila mstari una silabi nane, na mistari inakwenda miwili miwili kwa kina. Aliyesoma tenzi zetu zenye mizani nane atajisikia nyumbani. Nakala iliyobaki duniani ni moja. Mtaalamu Mfaransa Paul Meyer aliiona mnadani London mwaka 1861, ikanunuliwa na mwingine, ikapotea machoni pake, naye akaitafuta miaka 20 hadi alipoikuta tena mwaka 1881 katika maktaba ya mtu binafsi. Leo imehifadhiwa New York. Hivyo maisha ya mmoja wa watu mashuhuri wa Uingereza yanasomwa kwanza kwa Kifaransa, na sisi wa Kongo, tuliofundishwa kwa lugha hiyo, tunaweza kuyakaribia kwa kamusi na uvumilivu. Lakini tukumbuke kwamba ni shairi la sifa, lililolipiwa na familia. Anayelisoma lazima aulize kila mara nani anasema na kwa faida ya nani.

Rehani ya Newbury

William alizaliwa karibu na mwaka 1147. Baba yake, John, alikuwa mareshali wa mfalme. Neno hili lina safari yake: limetoka katika lugha ya Wafranki, ambamo lilikuwa na maana ya mtumishi wa farasi. Kwanza lilimtaja mchungaji wa zizi, kisha msimamizi wa farasi za mfalme, kisha mkubwa wa jeshi. Sisi tunalijua kwa sababu Mobutu alichukua cheo hicho mwaka 1982. Katika jamaa ya William cheo kilirithiwa mpaka kikawa jina la ukoo. Mama yake, Sibyl, alikuwa dada ya Patrick, bwana mkuu wa Salisbury. Katika watoto wa kiume wa John, kwa wake wawili, William alikuwa wa nne. Mtoto wa nne hakutazamia urithi.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imegawanyika. Mfalme Stephen na binamu yake Matilda waligombania kiti, na mareshali John alikuwa upande wa Matilda. Mwaka 1152 Stephen aliizingira ngome ya John kule Newbury. Chakula kilipowaishia waliokuwa ndani, John aliomba siku chache za kusimamisha vita ili apate shauri la Matilda, na kama dhamana ya neno lake akamtoa William. Stephen akakubali. John akazitumia siku hizo kuingiza chakula na askari ngomeni. Kwa sheria ya vita maisha ya mtoto yalikuwa yamekwisha. Mfalme alipotuma habari kwamba mtoto atanyongwa, baba alijibu kwamba hajali, kwani bado anayo nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine walio bora zaidi.

Shairi linasimulia kwamba mtoto hakujua lolote. Njiani kuelekea mahali pa kunyongwa aliona mkuki mzuri mkononi mwa bwana mmoja, akaomba apewe auchezee. Stephen akashindwa kuendelea. Alimbeba na kumrudisha kambini, na siku moja watu waliwakuta wawili hao wakicheza hemani, kila mmoja akiwa ameshika jani la nyasi kama askari wake. Kiti cha mfalme huyo kilitikisika muda wote wa utawala wake, na huruma yake ilihesabiwa kuwa udhaifu. Lakini bila udhaifu huo makala hii isingekuwa na mtu wa kuandikwa.

Kijana asiye na kitu

Alipofika umri wa miaka 13 hivi, William alivuka bahari kwenda Normandy kulelewa kwa William de Tancarville, ndugu wa mama yake. Huko alijifunza kazi ya shevalye, yaani askari wa farasi aliyeapishwa. Wenzake walimcheka kuwa ni mlafi na mpenda usingizi. Karibu na mwaka 1166 alifanywa shevalye na kupigana mara ya kwanza. Alipigana vizuri, lakini farasi wake aliuawa naye hakuteka mtu wala mali, akalazimika kuuza joho alilovaa siku ya sherehe ili apate mnyama wa kupanda. Hapo alijifunza kwamba ushujaa usio na faida ni njaa.

Mwaka 1168 alikuwa Poitou pamoja na mjomba wake Patrick, wakimsindikiza malkia Eleanor wa Aquitaine. Watu wa jamaa ya Lusignan waliwavizia. Patrick aliuawa kabla hajavaa silaha, William akachomwa mkuki pajani akatekwa. Baba yake wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Malkia ndiye aliyemkomboa kwa mali yake, na mwaka 1170 William akawekwa katika nyumba ya kijana Henry, mwana wa mfalme Henry wa Pili, aliyekuwa ametawazwa baba yake angali hai.

Kwa miaka zaidi ya kumi aliishi kwa mashindano ya vita vya farasi kaskazini mwa Ufaransa. Aliyemshinda mwenzake alichukua farasi wake na silaha, na kumtoza fedha za kujikomboa. William aliungana na shevalye mwingine, Roger de Gaugi, wakagawana mapato, na hesabu iliyoandikwa na karani inasema kwamba kwa miezi kadhaa tu waliteka washindani 103.

Mwaka 1183 kijana Henry, akiwa katika uasi dhidi ya baba yake, alikufa kwa ugonjwa wa kuhara katika mji wa Martel, tarehe 11 Juni. Alikuwa ameapa kwenda Yerusalemu, akamwomba William aende badala yake. Aliacha pia madeni. Sancho, kiongozi wa askari wa kukodiwa, alimkamata William kwa deni la marehemu, na William akajitoa mwenyewe kuwa dhamana mpaka Henry wa Pili alipokubali kulipa. Safari hii hakutolewa na mtu; alijiweka rehani mwenyewe. Kisha akaenda Nchi Takatifu kulipa lile deni jingine, deni la ahadi.

Isabel

Aliporudi alimtumikia Henry wa Pili mpaka mwisho. Mwaka 1189 mwana mwingine wa mfalme, Richard, alimfuata baba yake mbio kutoka Le Mans. William aligeuza farasi, akamkabili Richard ambaye hakuwa amevaa silaha kamili, akamchoma farasi wake badala ya kumchoma yeye. Wiki chache baadaye Henry alikufa Chinon, na mtu aliyeangushwa chini akawa mfalme. Richard alimsamehe, na zaidi ya hapo akatimiza ahadi ya marehemu baba yake: akampa William mchumba tajiri, Isabel de Clare.

Isabel alikuwa binti wa Richard de Clare, aliyeitwa Strongbow, na wa Aoife, binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster katika Ireland. Kwake zilitoka ardhi za Wales, za Normandy na Leinster yote. Yeye alikuwa na miaka chini ya 20, William zaidi ya 40. Hakuna aliyeandika kwamba Isabel aliulizwa. Lakini miaka iliyofuata inaonyesha kwamba mume hakusahau mali ni ya nani. Alipolazimika kuondoka Ireland mwaka 1207, alimleta mkewe, mwenye mimba, mbele ya mabwana wa Leinster kule Kilkenny, akawaambia kwamba huyu ndiye bibi yao kwa kuzaliwa na kwamba yeye mwenyewe hana kitu pale ila kwa ajili yake. Wengine wakaasi. Isabel aliilinda nchi, na waliomshambulia wakaja kumwangukia yeye.

Walizaa watoto kumi: William, Richard, Gilbert, Walter na Anselm, Matilda, Isabel, Sibyl, Eva na Joan. Mwaka 1194 kaka yake William alikufa, na cheo cha mareshali kikamfikia. Mwaka 1199 mfalme mpya, John, alimpa rasmi cheo cha bwana mkuu wa Pembroke.

Rehani kwa mara nyingine

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa siku mbili. Mwaka 1204 John alipoteza Normandy. Mabwana waliokuwa na ardhi pande zote mbili za bahari walitakiwa kuchagua. William hakuchagua: aliapa utii kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste, kwa ajili ya ardhi zake za Normandy, akabaki mtu wa John kwa zile nyingine. Alidai kwamba John alimruhusu. John alisema ni uongo, akadai dhamana. William akamtoa mwanawe wa kwanza. Alipotaka kwenda Ireland mwaka 1207 akadaiwa mwingine, akamtoa wa pili, Richard.

Mtu aliyekaribia kunyongwa kwa neno la baba yake alitoa watoto wawili kwa mfalme yuleyule ambaye mpwa wake Arthur alitoweka gerezani mwaka 1203. Wenzangu niliowasimulia waligawanyika. Mmoja alisema kwamba baba ni baba, na damu ya yule John wa nyundo na fuawe ilionekana. Mwingine alisema kwamba kukataa kungekuwa kuwaua wote. Anayo sababu. Inasimuliwa kwamba Matilda de Briouze alikataa kumpa John wanawe kwa ajili ya lile la Arthur. Mwaka 1210 yeye na mwanawe mkubwa walikufa kwa njaa gerezani. Mimi naona tofauti mahali pengine. Baba wa Newbury alitoa mtoto akiwa tayari kuvunja neno. William alitoa watoto kisha akafungwa na neno lake: miaka yote ambayo John alimchokoza, alimnyang'anya na kuwachochea watu wake wamwasi, hakuasi. Watoto walirudi salama. Lakini sithubutu kusema kwamba alijua watarudi.

Mwaka 1215 mabwana wengi walipoinuka dhidi ya John, William alibaki na mfalme na kuwa mmoja wa waliopeleka maneno kati ya pande mbili. Mwanawe wa kwanza, yule aliyekuwa rehani, alikwenda upande wa waasi, akachaguliwa kuwa mmoja wa mabwana 25 wa kumsimamia mfalme aitimize Hati Kuu. Baba na mwana walisimama pande mbili za hati moja.

Mlinzi wa mfalme mtoto

Hati ile haikudumu hata miezi mitatu. Papa aliifuta, vita vikarudi, na waasi wakamwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje kutawala. John alikufa Newark usiku wa tarehe 18 Oktoba 1216. Mrithi wake Henry alikuwa na miaka tisa. London ilikuwa mikononi mwa Louis, hazina ilikuwa tupu.

Mtoto aliletwa, William akamfanya shevalye, akatawazwa Gloucester tarehe 28 Oktoba. Mabwana wakamwomba William awe mlinzi wa mfalme na wa ufalme. Alikuwa na miaka karibu 70, akajitetea kwa uzee wake. Wasaidizi wake walishauriana. Mmoja alitazama utajiri, mwingine alitazama hatari. Mwishowe akakubali, akisema kwamba hata wote wakimwacha mtoto yule, yeye atambeba mabegani kutoka kisiwa hadi kisiwa. Msomaji atafikiri nini akikumbuka kwamba mzee huyu naye alipata kubebwa na mfalme, naye akiwa mtoto asiye na mtetezi? Mtunzi hasemi. Mimi nimefikiri hivyo.

Tendo lake kubwa la kwanza halikuwa la upanga. Tarehe 12 Novemba 1216 aliitoa tena Hati Kuu kwa jina la mfalme mtoto, baada ya kuondoa vifungu kadhaa, hasa kile cha mabwana 25. Kwa kuwa mfalme hakuwa na muhuri, ilipigwa muhuri wa William na wa Guala, mjumbe wa Papa. Kile walichokipigania waasi sasa kilitolewa na upande wa mfalme. Sababu ya kuasi ikapungua. Mwanawe wa kwanza akarudi kwa baba mwanzoni mwa mwaka 1217. Tarehe 20 Mei mzee alipigana mwenyewe mjini Lincoln. Kwa haraka yake alikuwa karibu kuingia vitani bila kofia ya chuma mpaka kijana mmoja alipomkumbusha. Jeshi la Louis lilishindwa, na merikebu zake zikashindwa baharini karibu na Sandwich tarehe 24 Agosti. Mwezi Septemba mapatano yalifanywa. Louis aliahidiwa marki 10,000 za fedha aondoke. Wengi walimlaumu William kwamba alimwachia adui aende zake, tena kwa malipo. Yeye alitaka vita viishe. Novemba ya mwaka huohuo Hati Kuu ilitolewa tena pamoja na Hati ya Misitu.

Caversham, na baadaye

Mwanzoni mwa mwaka 1219 aliugua. Alisafirishwa kwa mtumbwi juu ya mto Thames hadi nyumba yake ya Caversham. Askofu wa Winchester alitaka apewe ulezi wa mfalme. William akakataa, akamkabidhi mtoto kwa mjumbe wa Papa, akiogopa kwamba mabwana wangegombana. Akagawa urithi. Kwa Anselm, mdogo wa wana, alitaka kwanza asimwachie ardhi, ajitafutie kama yeye alivyojitafutia. Wasaidizi walimsihi, akambadilikia. Aliwaita binti zake wamwimbie. Alikuwa ameahidi zamani kufa akiwa mtawa wa Hekalu, na joho lililoshonwa kwa siri likatolewa. Kwa kuwa mtawa hagusi mwanamke, alimwita Isabel ambusu mara ya mwisho. Alikufa tarehe 14 Mei 1219, akazikwa katika kanisa la Hekalu London. Isabel alimfuata mwaka 1220, akazikwa kwa watawa wa Tintern.

Wana watano walirithi cheo mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeacha mtoto wa ndoa. William alikufa 1231. Richard 1234, kwa majeraha ya vita Ireland, akiwa amemwasi mfalme Henry ambaye baba yake alimlinda. Gilbert 1241, aliangushwa na farasi katika mashindano yaleyale yaliyomtajirisha baba. Walter na Anselm 1245, wakipishana mwezi mmoja hivi. Mwandishi Matthew Paris anasimulia kwamba askofu wa Ferns, aliyenyang'anywa ardhi na William huko Ireland, aliilaani nyumba hiyo iishe. Askofu alikuwa na madai yake, na shairi la sifa haliwezi kutuhukumia kesi hiyo.

Mali iligawanywa kwa binti na watoto wao. Cheo cha mareshali kilikwenda kwa Matilda, mjane wa Hugh Bigod wa Norfolk. Kupitia Isabel mdogo, kilembwe wa William akawa Robert Bruce, mfalme wa Scotland aliyewashinda Waingereza mwaka 1314. Ukoo uliokufa kwa wana uliendelea kwa binti.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: basi mtu huyu tumhesabu Mwingereza au Mfaransa? Alisema Kifaransa, hati yake ni ya Kilatini, mkewe ni mjukuu wa mfalme wa Ireland, kaburi lake liko London. Nilimjibu kwamba swali hilo William mwenyewe alilikimbia mwaka 1205, nalo likamgharimu watoto wawili. Tunaoishi kwa lugha tatu au nne kwa siku moja hatuhitaji kumlazimisha ajibu.

Jambo linalonibakia ni jingine. Aliyeagiza na kulipia shairi ni William mdogo, mwana wa kwanza, yule aliyetolewa kwa John. Angeweza kuamuru habari za Newbury zifutwe, maana hazimpi babu yake heshima. Aliziacha zote: nyundo, fuawe, mkuki ulioombwa njiani, na majani ya nyasi hemani. Mtoto wa rehani ndiye aliyehifadhi habari za mtoto wa rehani.